MENO SI ANASA

Mtu asiye na jino hata moja katika taya la juu hapungukiwi sura tu. Nyama na mahindi ya kuchoma humshinda, na usemi wake huharibika. Aliyekaa chuoni ajua kwamba herufi za fa, tha na dhal hutegemea ncha za meno ya juu. Yakiondoka, msomaji wa Kurani na mwalimu wa darasa hupata taabu moja.

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakauliza: mambo ya Ikungi, mkoani Singida, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani mzee wa Ikungi na mzee wa Micheweni hupoteza meno kwa sababu zile zile: kuoza, ugonjwa wa ufizi, na kuchelewa kutibiwa.

Mwaka 1965 Profesa Brånemark wa Sweden alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mizizi ya titani, madini yanayoshikana na mfupa. Taya la juu lilileta ugumu, kwa kuwa mfupa wake ni laini, na kwa nyuma umepakana na uwazi wa hewa. Wengi walilazimika kuongezewa mfupa na kungoja miezi mingi. Sasa ipo njia nyepesi zaidi, iliyoenezwa na Daktari Paulo Malo wa Ureno: mizizi minne tu, miwili ya nyuma ikilazwa mshazari kuukwepa uwazi huo, na juu yake hufungwa safu nzima ya meno. Hata hivyo, uvutaji sigara na kisukari kisichodhibitiwa huidhoofisha, na usafi wa kila siku hauna badala.

Njia isiyo na kisu kabisa ni meno ya bandia ya kuvaa. Katika taya la juu hunata kwenye kaakaa, kinyume na taya la chini ambako huteleza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa Bara mwaka 2023. Wapangao mafungu ya fedha, Bara na Visiwani, yawapasa kufuata utaratibu huu: kwanza, meno ya kuvaa yapatikane katika hospitali za wilaya, ili mkulima wa alizeti asiuze ng'ombe kwa ajili ya safari ya mjini, pili, mizizi minne itolewe katika hospitali za rufaa kwa wale ambao meno ya kuvaa yamewashinda. Kuanza na la pili ni kuezeka paa kabla ya kusimamisha ukuta.

Kung'oa jino bovu ni nusu ya tiba. Nusu iliyobaki ni kumwezesha mwananchi kula na kusema tena.