Theluji Tunayoililia na Msitu Tunaouchoma

Ipo desturi iliyoenea miongoni mwa wasemaji na waandishi wetu: kila autakiaye mema mlima Kilimanjaro huililia theluji. Husomwa hesabu kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya kileleni ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Kisha hutangazwa kwamba barafu ikiisha, Moshi itakufa kwa kiu. Neno la kwanza ni kweli. La pili si kweli, tena lina madhara.

Maji ya Uchaggani hayatoki barafuni. Kileleni ni jangwa la mawe na baridi. Mvua iliyo nyingi kabisa hunyesha katikati ya msitu, upande wa kusini, penye kimo cha mita elfu mbili na zaidi kidogo. Juu yake, kukaribia mita 3,000 na kupita hapo, husimama miti ya jamii ya Erica, iliyopindana na kuvikwa ndevu za kuvumwani. Miti hiyo huukamata ukungu upitao, huugeuza kuwa matone, na kuyakabidhi udongo. Udongo hulisha chemchemi, na chemchemi hulisha mifongo ya vihamba, mashamba ya nyikani, hata bwawa la Nyumba ya Mungu. Mlimani humo hujificha pia minde, mnyama asiyepatikana nje ya Tanzania.

Msitu huo wa juu ndio uteketeao. Mwaka 2005 mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alieleza kwamba mioto imeushusha ukingo wa juu wa msitu, na kwamba kwa upande wa maji hasara hiyo yapita ile ya kuyeyuka kwa barafu. Mwaka huohuo msitu ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Je, mpaka mpya ulizima moto? La hasha! Mlima uliwaka Oktoba 2020, ukawaka tena Oktoba 2022. Palipoungua mara kwa mara hubaki vichaka vifupi na nyasi, ambavyo haviwezi kuunasa ukungu kama miti.

Kwa nini basi twaililia theluji? Kwa sababu aiyeyushaye yu mbali. Lawama huvuka bahari hadi kwenye viwanda vya wengine, nasi twabaki wenye kuonewa. Lakini kijinga cha mrina asali, moto wa mwindaji haramu na jiko lililoachwa bila kuzimwa ni vyetu wenyewe. Ni kweli kwamba ukame uletwao na mabadiliko ya hali ya hewa huukausha msitu. Lakini ukame hauwashi kiberiti.

Aihurumiaye Moshi na adai walinzi wa moto waliofunzwa na kulipwa katika vijiji vya ukingoni, na mizinga bora kwa warina asali. Barafu ikiisha, tutakuwa tumepoteza pambo tukufu. Msitu ukiisha, mifongo itakauka.