Mwanamke Mgeni Katika Nchi ya Saudia: Avae Nini?

Habari za nchi ya Saudia hutufikia zikiwa zimechelewa. Wengi wetu wangali wanasema kwamba kila mwanamke ashukaye Riyadh sharti avae abaya, yaani lile joho refu jeusi. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, na polisi wa dini walizunguka madukani wakiwaonya wanawake. Lakini mwaka wa 2016 polisi hao waliondolewa mamlaka ya kukamata watu. Kiisha, mwezi wa Septemba 2019, serikali ilipoanza kutoa viza za utalii, ilitangaza ya kuwa mwanamke mgeni halazimishwi kuvaa abaya.

Basi avae apendavyo? La. Mabega na magoti yafunikwe, tena nguo isibane mwili. Asiyejisitiri hadharani aweza kutozwa faini, na amri hiyo yawahusu wanaume pia.

Hapo mama zetu wana akiba nzuri sandukuni. Kikwembe kifikacho miguuni, pamoja na blauzi pana ya mikono mirefu, chatosha kabisa. Pamba yafaa kuliko nailoni, kwani wakati wa kiangazi joto la Riyadh hupita digrii 40. Mtandio nao usisahauliwe, maana akialikwa msikitini atafunika nywele. (Mjini Makka asiye Mwislamu haingii, hata avaeje.)

Jeddah, mji wa bandari, wamezoea wageni tangu zamani. Katika miji midogo ya bara mambo ni mengine: mgeni atajikuta karibu peke yake asiye na joho, na macho yote yatamfuata. Huko twaona ni vema avae abaya kwa hiari yake, kwa heshima ya wenyeji. Wako Wakristo waulizao kama kufanya hivyo ni kukana imani. Abaya ni nguo. Ubatizo haukai katika kitambaa. Lakini msalaba wa shingoni ukae ndani ya vazi, maana nchi ile haina kanisa la wazi, na ibada ya dini nyingine hadharani hairuhusiwi.

Binti aendaye kwa kazi amwulize bwana kazi kabla ya kuondoka, kwa kuwa nyumba nyingine zina amri zake. Na mtandio huo autie katika mfuko wa mkononi, si katika sanduku litakalokaa chini ya ndege.