Rangi ya Ndani ya Gari

Vijana wetu wa hapa Mbezi Luis, wachukuao abiria kwenda na kutoka kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli, wameniuliza ni rangi gani idumuyo kwa paneli za ndani ya gari, yaani zile plastiki za milangoni na za dashibodi. Mimi ni mwalimu wa chuo, si fundi. Wameniuliza kwa kuwa waijua hasara iliyotupata.

Chuo chetu kina Toyota Hiace kuukuu ichukuayo watoto. Plastiki zake zilikuwa zimefifia, wazazi wakachanga fedha, nami nikakabidhiwa. Kwa kutaka kubakiza, nilinunua rangi ya mafuta ya milango ya nyumba, ikapakwa kwa brashi mchana mmoja. Siku ya kwanza ilipendeza. Ulipofika Januari, jua likiwa kali, rangi ikanata, ikabanduka kama ganda la kitunguu, na watoto wakashuka na madoa ya kijivu katika kanzu zao nyeupe. Mama mmoja aliniletea kanzu ya mwanawe, wala hakusema neno. Kweli, rahisi huvunja upishi.

Basi nikajifunza niliyopaswa kuyajua kabla. Kwanza, plastiki si mbao. Mbao hunywa rangi, plastiki hainywi. Igeuze paneli utazame nyuma yake, aghlabu utakuta herufi. Zikiwa PP, hiyo ni polipropilini, nayo huikataa rangi mpaka itanguliwe na praima maalumu ya plastiki. Zikiwa ABS, hupokea rangi kwa wepesi zaidi. Kisha chagua rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki na vinaili, kwani hiyo hukunjika pamoja na kitu ilichopakwa. Ya dashibodi isiwe ya kung'aa, isije ikarudisha mwanga katika kioo cha mbele na kumsumbua dereva.

Pili ni usafi, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Mafuta mengi ya kung'arishia dashibodi yana silikoni, nayo hufukuza rangi ikaacha vitundu kama macho ya samaki. Kwa hiyo paneli ioshwe kwa sabuni, isuguliwe kwa msasa laini, ifutwe kwa spiriti, ikauke kabisa. Ndipo rangi ipulizwe kidogo kidogo, tabaka tatu au nne, kila moja ikingojwa ikauke. Tabaka moja zito huchuruzika, na ndani yake hubaki bichi.

Tatu ni afya. Rangi zichanganywazo na kigumishi hudumu sana, lakini nyingi zina isosianeti, dawa iwezayo kumletea mpulizaji pumu, na kitambaa cha puani hakiizuii. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye vifaa vyake. Tena hakikisheni kuwa rangi haina madini ya risasi, kwa maana Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara, na watoto hugusa kila kitu kisha wakatia vidole kinywani. Gari likiisha kupakwa, liachwe milango wazi mpaka harufu iishe.

Sisi tuliibandua ile rangi yote tukaanza upya, safari hii kwa fedha yangu mwenyewe. Kazi ilichukua siku tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kusugua na kuosha tu. Misimu miwili ya joto imepita, na kanzu za watoto zarudi nyumbani nyeupe.

Kwa hiyo, vijana wangu, kabla hamjaniuliza jina la rangi, nitawauliza mimi: mmeisafisha kwa nini, na mmetanguliza nini chini yake? Rangi huonekana na kila mtu, lakini kinachoishika ni kazi isiyoonekana na mtu.