Uhuru alitaka majeshi yabaki Somalia, Raila yarudi: swali ambalo Mlima Kenya haukulipima

KILA msimu wa uchaguzi unapowadia, wawaniaji wa urais wanaopanda majukwaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru huwa na hotuba inayofahamika: bei ya kahawa na chai, maziwa, barabara, maji na kazi kwa vijana. Jambo moja huguswa kwa nadra mno, ingawa linahusu uhai wa wana wa wapiga kura hao hao. Jambo hilo ni vita ambavyo Kenya inapigana nje ya mipaka yake, na siku ambayo wanajeshi wake watarejea nyumbani.

Uchaguzi wa Agosti 8, 2017 ndio ulioweka tofauti hiyo bayana zaidi. Rais Uhuru Kenyatta wa chama cha Jubilee alishikilia kwamba Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) lingesalia Somalia hadi kazi iliyolipeleka huko ikamilike. Mpinzani wake, Raila Odinga wa muungano wa NASA, aliahidi kuwaondoa wanajeshi hao iwapo angechaguliwa.

Kwa hivyo mpiga kura alikuwa na njia mbili mbele yake. Hata hivyo, katika kaunti za Mlima Kenya kura ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwa misingi mingine. Nyeri ilimpa Uhuru zaidi ya asilimia 90 ya kura zake, na ni vigumu kudai kwamba suala la Somalia lilichangia uamuzi huo kwa vyovyote.

Inafaa basi kuzirejelea hoja za wawili hao na kuzipima kwa utulivu, kwani maswali waliyoyaacha bado yanasubiri majibu.

Vita vya serikali moja

Kwanza, ni muhimu kukumbuka kwamba hakuna aliyeweza kudai kuwa vita hivi ni vya mwenzake. KDF ilivuka mpaka Oktoba 16, 2011 katika Operesheni Linda Nchi. Amiri Jeshi Mkuu wakati huo alikuwa Rais Mwai Kibaki, ambaye pia alikuwa mbunge wa Othaya, Nyeri. Raila alikuwa Waziri Mkuu katika serikali hiyo ya mseto, naye Uhuru alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha.

Sababu zilizotolewa zilieleweka. Mnamo Septemba na Oktoba 2011, wageni walitekwa nyara katika visiwa vya Lamu na katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Sekta ya utalii iliingiwa na hofu. Serikali ililinyoshea kidole kundi la Al-Shabaab, na ikasema ina haki ya kujilinda chini ya Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Raila hakuwa mtazamaji tu. Mnamo Novemba 2011 alizuru Israeli kuomba msaada wa kukabiliana na wanamgambo hao. Mwaka uliofuata, wanajeshi wa Kenya waliingizwa rasmi katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, na kabla ya mwaka kwisha mji wa bandari wa Kismayu ulikuwa umetoka mikononi mwa Al-Shabaab.

Kisha mashambulizi yakaja nyumbani. Watu 67 waliuawa katika jumba la Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Mwaka 2014 ikawa zamu ya Mpeketoni na Mandera. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Chuo hicho kilikuwa na wanafunzi kutoka pembe zote za nchi, na msiba huo ukawa wa taifa zima.

Baada ya Garissa, Raila, akiwa kinara wa upinzani, alitaka wazi wanajeshi waondolewe Somalia. Msimamo huo ndio alioingia nao katika kampeni za 2017.

Hoja ya kubaki

Hoja ya Uhuru ilikuwa na uzito wake. Adui akiachiwa nafasi upande wa pili wa mpaka wa takriban kilomita 700, atajipanga upya na kurejea akiwa na nguvu zaidi. Kismayu ilikuwa imelipa kundi hilo mapato ya ushuru na ya biashara ya makaa. Kuiacha ovyo kungekuwa sawa na kumrudishia mwizi ufunguo wa ghala.

Aidha, Kenya haikuwa peke yake. Uganda, Burundi, Ethiopia na Djibouti zilikuwa na wanajeshi chini ya bendera hiyo hiyo ya Umoja wa Afrika. Taifa moja kujiondoa ghafla kungeacha pengo kusini mwa Somalia ambalo majirani wasingeliziba kwa urahisi.

Udhaifu wa msimamo huu ulikuwa katika neno moja: “hadi”. Hadi lini? Hadi Al-Shabaab imalizwe kabisa, au hadi jeshi la Somalia liweze kujisimamia? Kazi isiyo na kipimo haiwezi kutangazwa kuwa imekamilika, na kiongozi anayesema atabaki hadi ushindi bila kuueleza ushindi wenyewe huwa amejipa ruhusa ya kubaki milele.

Halafu kuna suala la hesabu ya waliouawa. Januari 15, 2016, kambi ya KDF ya El Adde ilivamiwa. Mwaka huo Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja takriban wanajeshi 180, kauli ambayo jeshi la Kenya liliikanusha. Uchunguzi wa kituo cha televisheni cha CNN ulikadiria 141. Serikali ya Kenya haikutangaza idadi kamili. Rais aliongoza ibada ya kumbukumbu mjini Eldoret na kuapa kwamba Kenya haitarudi nyuma, lakini taifa likaombwa liendelee kutoa wanawe bila kuambiwa limekwisha kutoa wangapi.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Serikali ilisema wanajeshi tisa waliuawa. Al-Shabaab ikadai ni zaidi ya 50.

Hoja ya kurudi

Raila naye alikuwa na hoja isiyoweza kupuuzwa. Operesheni ilianzishwa ili Wakenya wawe salama zaidi, ilhali mashambulizi mabaya zaidi ya Al-Shabaab ndani ya nchi yalitokea baada ya 2011. Aidha, mzigo wa gharama ulikuwa ukizidi kuwa mgumu. Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukigharimia posho ya dola 1,028 kwa mwezi kwa kila mwanajeshi wa AMISOM, ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20 mwaka 2016.

Hata hivyo, ahadi yake nayo ilikuwa na upungufu. Kusema “tutawaondoa” ni sehemu rahisi. Nani angeshika zamu Kismayu? Utawala wa Jubaland chini ya Ahmed Madobe, ambao Kenya ilisaidia kuujenga, ungeachwa vipi? Na ikiwa utekaji nyara wa Lamu ndio uliotufanya tuvuke mpaka, ni mpango gani mpya ungeuzuia baada ya wanajeshi kurudi?

Tena, kuongezeka kwa mashambulizi baada ya 2011 hakuthibitishi kwamba kuondoka kungeyakomesha. Adui aliyekwisha kujenga mitandao ndani ya nchi hahitaji sababu mpya ya kushambulia.

Wawili hao hawakupata fursa ya kubanana kwa maswali hayo. Katika mdahalo wa Julai 24, 2017, Uhuru hakufika, na Raila akasimama peke yake. Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka: katika mdahalo wa Julai 26, 2022, Raila ndiye aliyesusia, na William Ruto akajibu maswali peke yake.

Funzo kutoka Marekani na Congo

Waliofuatilia uchaguzi wa Marekani wa 2008 wanakumbuka mvutano unaofanana na huu kuhusu Iraq. Barack Obama aliahidi kuondoa vikosi vya mapigano katika miezi 16. John McCain alisema kuondoka kwa tarehe iliyopangwa ni kumkabidhi adui ushindi.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba tarehe iliyofuatwa hatimaye, mwisho wa Desemba 2011, haikutokana na ahadi ya yeyote kati yao. Ilikuwa katika mkataba ambao serikali ya Rais George W. Bush ilitia saini na serikali ya Iraq mnamo Novemba 2008. Mwenyeji alikuwa na kauli.

Kenya ilijifunza hayo yenyewe mashariki mwa Congo. Rais Ruto, aliyeshinda 2022 kwa msaada mkubwa wa kura za Mlima Kenya, alituma wanajeshi huko mnamo Novemba mwaka huo chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kufikia Desemba 2023 kikosi hicho kilikuwa kikifunga virago, kwa kuwa serikali ya Kinshasa ilikataa kuongeza muda wake. Hakuna mkutano wa kampeni, Nyeri wala kwingineko, uliokuwa umewauliza wapiga kura kuhusu safari hiyo.

Huko Somalia, tarehe zimekuja na kupita. AMISOM iligeuzwa kuwa ATMIS mnamo Aprili 2022, kwa mpango wa kuondoka kufikia mwisho wa 2024. Muda huo ulipotimia, kikosi kingine kwa jina la AUSSOM kikachukua nafasi Januari 2025, na Kenya ikawa miongoni mwa mataifa yaliyochangia wanajeshi.

Maswali ya kuuliza jukwaani

Eneo hili si geni kwa habari za vita. Nanyuki ndiko iliko kambi ya wanahewa ya Laikipia, na shule ya wanajeshi wa miguu iko Isiolo. Makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia yako Nyeri. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alitoka Nyeri kwenda kupigana Burma katika jeshi la mkoloni kabla ya kuingia msituni. Wazee wa hapa wanajua maana ya kijana kupelekwa katika vita ambavyo yeye hakuulizwa.

Tofauti ni kwamba leo kuna pa kuuliza. Kifungu cha 240 cha Katiba kinalipa Baraza la Usalama wa Taifa uwezo wa kutuma majeshi nje ya nchi, lakini kwa idhini ya Bunge. Mwaka 2011 wanajeshi walivuka mpaka kwanza, na mjadala wa Bunge ukafuata. Kwa hivyo si mwaniaji wa urais pekee anayepaswa kujibu. Mbunge wa Mathira, Tetu au Kieni naye ana kura yake katika jambo hili.

Katika uchaguzi wa 2027, atakayeomba kura na aulizwe mambo matatu. Kwanza, ni hali gani hasa itakayoonyesha kwamba kazi imekwisha? Pili, ni nani atakayeshika zamu siku tutakapoondoka, na amekubali? Tatu, je, ataliambia taifa idadi ya waliouawa, na kuzihudumia familia zao bila kuzificha?

Anayetaka wanajeshi wabaki ana deni la swali la kwanza, naye anayetaka warudi ana deni la pili. La tatu linawahusu wote wawili. Mwenye kovu usidhani kapoa: kuna nyumba zilizopoteza wana El Adde ambazo bado hazijasikia kutoka kwa serikali walikufa wangapi siku ile.