Ngoma Ilisikika, Maneno Hayakusikika

Mgeni aliyealikwa karamuni akisifu sahani asionje chakula, mwenyeji ana haki ya kuona kwamba hakuheshimiwa. Sifa za namna hiyo ndizo zilizomiminiwa albamu ya Saida Karoli, binti wa Bukoba, iliyojulikana kwa jina la Maria Salome. Tangu ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipigwa harusini, redioni na mabasini, ikavuka mipaka hadi nchi jirani. Waandishi waliisifu sauti, wachezaji wakaisifu ngoma. Maneno, ambayo mengi ni ya Kihaya, hayakuulizwa maana.

Ushahidi umo katika jina ambalo umma uliupa wimbo mkuu wa albamu hiyo: Chambua kama Karanga. Ni maneno matatu ya Kiswahili. Taifa lilishika matatu lililoyafahamu, likayaacha mengine yote. Karanga ziliamriwa zichambuliwe, nazo zikatafunwa na maganda yake.

Wako wasemao kwamba muziki hauhitaji mkalimani, kwa kuwa sikio halina kabila. Usemi huo ni mtamu lakini haukupimwa. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyeimba katika santuri huko Bombay mwaka 1928, alikuwa na sauti ya kutosha kuwaridhisha wasiojua lugha yake. Hata hivyo wataalamu hawakuishia kwenye sauti. Walizinakili nyimbo zake, wakapekua mafumbo yake, na Shaaban Robert akauandika wasifu wake. Kwa nini mwanamke wa pwani apewe msomaji, na mwanamke wa Ziwa Viktoria apewe mchezaji tu?

Wengine huogopa kwamba kuzishughulikia lugha za makabila ni kukipunguza Kiswahili. Hofu hiyo ilikwisha kujibiwa ziwani humo humo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa mwaka 1980 baada ya yeye mwenyewe kuifasiri kwa Kiswahili. Kiswahili hakikupungukiwa na neno hata moja. Kilipata riwaya ambayo kisingeipata kwa njia nyingine.

Hoja ya tatu husema kwamba albamu ni bidhaa ya soko, si fasihi. Lakini wapiga nanga wa Wahaya nao waliimba mbele ya wafalme na kupata riziki kwa wakuu, na tendi zao hazikuacha kuwa tendi. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa utendi simulizi barani Afrika. M. M. Mulokozi alikwenda kwa wapiga nanga, akasikiliza, akanakili, akafasiri, na katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaonyesha kwamba utendi upo. Jibu kwa dunia lilitoka Buhaya kwa sababu mtaalamu mmoja hakuridhika na mlio wa nyuzi.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida Karoli. Ikasemwa kwamba wimbo wa zamani umeokolewa. Kilichookolewa ni kiitikio na jina. Beti mpya za Kiswahili zilikaa mahali pa beti za Kihaya, na wengi hawakutambua kwamba kitu kimeondoka, maana hawakuwahi kujua kwamba kilikuwapo. Msanii hana lawama, kwani kuazima ni desturi ya nyimbo. Lawama ni ya wasomi, waliomwachia kazi ambayo si yake.

Kinachotakiwa si kikubwa. Maneno ya albamu yanakiliwe kwa idhini ya wenyewe, wazee wa Bukoba na Muleba waulizwe, tafsiri ya Kiswahili iwekwe darasani kando ya Kihaya chake. Msikilizaji wa Kamachumu huweza kutabasamu penye neno ambalo mchezaji wa Dar es Salaam amelikanyaga kwa mguu. Siku msikilizaji huyo atakapokosekana, albamu itabaki, ngoma italia, watu watacheza. Lakini hatakuwapo wa kuwaambia wanachezea nini.