Saa ya mchezo ya Jumapili iwe saa ya kusoma Kiswahili

Leo tunataka tuongee juu ya wadogo zetu hapa Mantapala: wale waliofika Kenani mwaka 2017 wakiwa mgongoni kwa mama, na wale waliozaliwa baada ya kambi hii kufunguliwa mwanzoni mwa 2018. Sasa wako kwenye umri wa shule. Swali letu ni moja tu: wanajifunza kusoma kwa lugha gani?

Tuhesabu. Nyumbani mtoto anaongea Kiswahili chetu cha Pweto na Moba. Shuleni, lugha ya kuanzia kusoma katika mkoa huu wa Luapula ni Kibemba. Baadaye kidogo Kiingereza kinachukua masomo yote. Baba na mama, kama walisoma, walisoma kwa Kifaransa. Zambia ina lugha saba za kuanzia masomo: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kiswahili hakimo. Hatulaumu, kila nchi ina mpango wake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto anaanza kusoma kwa maneno ambayo bado hajui maana yake, na akichelewa watu wanasema hana akili.

Jambo hili siyo letu peke yetu. Huko Ulaya wako Waroma, ambao watoto wengi wao wanaongea lugha yao nyumbani na kukuta nyingine shuleni. Katika Jamhuri ya Cheki wengi walipewa mitihani isiyojali lugha wala maisha yao, wakapelekwa kwenye shule za watoto wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema ule ulikuwa ubaguzi. Tunaitaja kesi hiyo ili tukumbuke kwamba mtoto akikwama kwenye lugha, watu wazima wanaweza kumwandikia ujinga ambao hana.

Bon, hapa kwetu Kiswahili cha kuandikwa mtoto anakikuta wapi? Kwa wengi ni kanisani. Pale kuna Biblia, kuna kitabu cha nyimbo, na kuna shule ya Jumapili ambayo watoto wanaipenda. Ila mara nyingi mambo yanaenda hivi: wimbo, hadithi, mstari wa kukariri, kwisha. Mtoto anautaja mstari bila kosa hata kitabu kikiwa juu chini. Huko ni kukariri, bado siyo kusoma.

Sisi tunasema saa hiyo hiyo itumike kufundisha kusoma, kwa mchezo. Wala siyo wazo geni. Robert Raikes alipoanzisha shule ya Jumapili kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, alikuwa anafikiria watoto waliofanya kazi siku sita na kubaki na Jumapili peke yake. Walifundishwa kwanza kusoma.

Mchezo wenyewe siyo wa pesa nyingi. Chukua katoni, kata kadi, andika silabi: nu-hu, yo-na, za-ka-yo. Baada ya hadithi ya Zakayo kupanda mti, watoto wanamjenga Zakayo kwa kadi. Halafu wanambomoa na kutafuta maneno mengine ndani yake: kaza, zaka. Anayesoma "kaza" bila kuambiwa ameshaelewa jinsi herufi zinavyofanya kazi. Kiswahili kinasaidia hapo: irabu tano, na neno linasomwa kama lilivyoandikwa.

Au hadithi ya wavuvi, Yohana sura ya 21, wavu wenye samaki 153. Mtoto wa Ziwa Mweru huhitaji kumwelezea wavu ni nini! Kata samaki wa karatasi, kila mmoja na neno lake: maji, nyavu, moto, mkate. Ukilisoma neno, samaki ni wako. Ukishindwa, anarudi ziwani. Mwisho wanahesabu: mafungu 15 ya kumi, wanabaki watatu. Hesabu imeingia bila mtu kuogopa.

Wengine watatuambia: "Mko Zambia, wafundisheni Kibemba na Kiingereza." Tunakubali kabisa kwamba wanavihitaji. Lakini tazameni maneno haya: jina ni ishina, meno ni ameno, nyama ni inama, mti ni umuti, mwana ni umwana. Tengeneza kadi mbili mbili, watoto wetu na watoto wa wenyeji wazitafutie wenzake. Irabu ni zile zile tano. Mtoto aliyeshika "ma" na "na" kwa Kiswahili hazianzi upya kwa Kibemba. Anajifunza tu vitu vichache, kama ile "c" inayosomwa "ch". Lugha ya nyumbani inamfungulia ile ya shuleni.

Wazazi nao wanalalamika: "Batoto banacheza tu!" Wana haki ya kuuliza. Jibu ni kuwaonyesha. Kila mwisho wa mwezi, mbele ya wazazi, mtoto apewe neno ambalo halimo kwenye hadithi yoyote aliyosikia. Akilisoma, mchezo umefanya kazi. Akishindwa, sisi tunaofundisha tubadilishe namna ya kufundisha.

Kwa ninyi wa mashirika, tunajua mnachoogopa. Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinasema msaada usitumiwe kueneza msimamo wa siasa au wa dini. Ni kanuni nzuri, na sisi wakimbizi ndio inatulinda. Kwa hiyo tunaweka masharti wenyewe. Saa ya kusoma itengwe na saa ya ibada. Mtoto wa Kiislamu, au wa kanisa lingine, aingie na kutoka bila kuulizwa. Nuhu na Musa anawajua, na Yona kwake ni Yunus. Hadithi za sungura na fisi nazo ziwepo. Na hakuna mtoto atakayenunuliwa kwa biskuti ili aombe sala. Mkiona masharti hayo yanavunjwa, ondoeni mkono. Yakishikwa, chaki, karatasi na vitabu vya hadithi vya Kiswahili havitakuwa msaada kwa kanisa. Vitakuwa vya mtoto anayejifunza kusoma.

Wenzetu vijana, kazi hii ni yetu. Wako kati yetu waliomaliza sekondari kule Kongo, na karatasi zao hapa haziwafungulii mlango. Wanashinda chini ya mwembe wakati wanajua kufundisha. Hao ndio walimu tunaowataka, na kama mashirika yana posho kidogo, ianzie kwao.

Tunafikiria pia siku ya kurudi. Wengine wameshavuka kwenda nyumbani, wengine watafuata, wengine watabaki Nchelenge. Anayerudi atakuta barua, matangazo na mabango ya njiani. Anayebaki atapokea ujumbe wa bibi kwenye simu. Hatutaki ampe jirani simu amsomee maneno ya bibi yake mwenyewe.

Tuanze Jumapili hii. Anayeweza kupata katoni tupu alete, mwenye mkasi alete, na mwalimu wa shule ya Jumapili atuachie saa moja.