Zawadi haina risiti

Wiki hii sina stori za viwanja wala za wapenzi waliofumaniana. Wiki hii najianika mwenyewe. Wewe unayenijua pale Soko Kuu, naomba usinicheke kwa sauti.

Mwaka jana, mwezi wa saba, binti niliyekuwa naye aliniambia maneno matatu tu: "Nina mimba yako." Unajua nilifanya nini? Nilizima simu siku tisa! Mimi huyu huyu ninayewapigia kelele za uungwana kila wiki. Washikaji wa kijiweni wakanipa mbinu: kana, hama mtaa, sema si yako. Mmoja akasema mtoto ni mzigo. Nikaitikia kama kasuku.

Siku ya kumi nikakimbilia Nkoaranga kwa baba mdogo. Kifodi cha Usa, kisha bodaboda ya kupanda mlima, nikidhani kule kwenye migomba matatizo hayatanifikia.

Baba mdogo na mama mdogo walikaa kwenye ndoa miaka kumi na moja bila mtoto. Ukoo ulisema weee! "Kihamba atarithi nani?" Wengine wakamshauri baba mdogo aongeze mke. Akakataa.

Sasa pale Nkoaranga, kwenye misheni iliyoanzishwa na Walutheri wa Leipzig mwaka 1902, kuna hospitali, na jirani yake kuna kituo cha kulea watoto waliofiwa. Siku ile nikamkuta mama mdogo ana mtoto wa kike wa miezi kumi mgongoni. Mama yake alifariki akijifungua. Watu wa ustawi wa jamii walikuwa wameshakagua nyumba, na karatasi za malezi ya kambo zipo kabatini.

Mzee mmoja wa ukoo alikuwepo, akaguna: "Huyo si damu yetu."

Baba mdogo akamjibu taratibu, "Kaka, Mungu aliyenipa huyu hakuniuliza ukoo. Na mimi sikumuuliza."

Mama mdogo akanipa mtoto nimshike, yeye akakoroge loshoro. Dakika tano hazijaisha, kakojoa! Jinzi yangu mpya yote chapachapa. Nikaruka kama nimeungua. Mama mdogo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Miaka kumi na moja nilikuwa naomba kukojolewa hivyo, baba," akasema.

Jamani! Nilikuwa sijamwambia mtu siri yangu. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikawasha simu. Meseji zilikuwa nyingi, ya mwisho fupi: "Usijali. Nitamlea mwenyewe."

Usiku ule nikamweleza baba mdogo kila kitu. Jumamosi akanisindikiza kwa akina binti. Baba yake alituweka nje kwenye jua toka saa nne hadi saa nane. Faini tukalipa. Kusamehewa bado, na mambo ya ndoa mzee hataki hata kuyasikia. Lakini mwanangu ana miezi minne leo, na jina langu analo.

Kwa wale wa kijiweni: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake. Kwa hiyo kukana si ujanja, ni kumwibia mtoto.

Tunapenda kusema mtoto ni zawadi ya Mungu. Kweli, ila haiji na risiti ya kuirudisha dukani. Yangu imekuja na faini, nepi na macho mekundu ya kukesha. Na usithubutu kumwambia asiyezaa kuwa Mungu kamnyima. Mama mdogo hajazaa, lakini kuna mtoto anamwita mama. Nani kampa mwenzake zawadi hapo?

Wewe uliyezima simu, hebu iwashe. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.